Kabla hujauliza "mashine ya kubana maboksi bei gani?", pima kwanza

Leo tuongee habari ya mashine za kubana maboksi na makopo, zile zinazokandamiza mzigo mpaka unakuwa robota moja gumu kama belo la mitumba. Najua wengi mmeanza kuzitamani, na mimi nazitamani. Nipo hapa Masakta, wilaya ya Hanang, nina duka la jumla na rejareja. Shule niliishia kidato cha nne, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyapata kwa kuuliza mafundi, kupiga simu, na kusoma mtandaoni usiku nikishafunga duka.

Tupo vijana watano kwenye kikundi: watatu hapa Masakta, mmoja Endasak, mmoja Katesh. Wote tuna maduka na wote tulikuwa tunachoma maboksi nyuma ya duka. Tuna akiba yetu kidogo, na tunataka kuongezea mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ambao unagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba. Lakini unarudishwa, tena na kikundi kizima. Ukileta mashine isiyofaa, marejesho hayasubiri mashine ianze kufaa. Kwa hiyo hii ishu kwetu siyo ya kuulizia tu ili kujua.

Sasa sikia. Ukimpigia muuzaji ukamuuliza "mashine bei gani?", atakutajia bei. Ile bei haina maana yoyote. Amekutajia mashine anayotaka kuiuza yeye, siyo unayoihitaji wewe. Ukimpigia wa pili atakutajia bei nusu ya ile, utadhani wa kwanza ni mwizi, kumbe wanaongelea mashine mbili tofauti kama bodaboda na Fuso. Kotesheni inayosaidia inatoka kwa mtu aliyepewa maelezo ya kutosha, na maelezo yapo kwako, kwenye stoo yako. Huko ndiko pa kuanzia.

Sisi tulianza na mizani. Kwa wiki nne kila mmoja alipima maboksi yake kila Jumamosi jioni, akaandika kwenye daftari. Siyo kukadiria kwa macho, maana macho yanadanganya sana kwenye maboksi. Rundo linajaa chumba ukadhani ni tani, ukilipandisha kwenye mizani ni kilo 40. Duka langu lilitoa kilo 38 wiki ya kwanza, 61 wiki ya mnada, kisha 44, kisha 52. Jumla kilo 195. Tulipojumlisha watu watano tukapata kilo 960 kwa mwezi, yaani tani moja kasoro kidogo. Makopo ya maji na soda ndiyo yalitushangaza zaidi: gunia kubwa lile la mahindi, likijaa makopo mpaka mdomoni, halifiki kilo saba. Unabeba hewa.

Na hapo ndipo kazi ya mashine inaonekana. Maboksi yaliyokunjwa bila kubanwa yanaweza kuwa kilo 40 hivi kwa mita moja ya ujazo. Yakibanwa vizuri na mashine yanafika kilo 300 na zaidi. Chukua gari lenye bodi ya mita 30 za ujazo. Mzigo usiobanwa utaondoka na kilo 1,200 tu na gari limejaa. Uliobanwa, ujazo ule ule unabeba tani 9. Mwenye gari nauli yake haibadiliki sana, yeye anahesabu safari. Kwa sisi tulio huku, ambao mnunuzi mkubwa yupo Arusha au mbali zaidi, nauli ndiyo inayokula faida yote.

Lakini subiri kidogo, usikimbilie kununua. Kuna hesabu ambayo wengi wanaiweka kichwa chini miguu juu. Wanasema: nitakuwa na kilo 960 kwa mwezi, kilo moja shilingi 200, kwa hiyo mashine itaniingizia 192,000 kila mwezi. Hapana ndugu yangu. Maboksi yale unaweza kuyauza hata bila mashine, kwa mtu anayepita na gari kukusanya. Mashine inakuingizia ile tofauti tu. Nitaweka bei za mfano, wewe weka za kwako: tuseme anayepita anachukua kilo kwa shilingi 120, na ukipeleka mwenyewe marobota yaliyobanwa unapata 200. Tofauti ni 80. Mara kilo 960 ni shilingi 76,800 kwa mwezi. Toa waya wa kufungia, toa nauli, toa kijana wa kupakia. Sasa kama mashine ni milioni 10, hata usipotoa hizo gharama, ni miezi 130 ndipo irudishe hela yake. Zaidi ya miaka kumi! Mwenzetu wa Endasak aliposikia hiyo hesabu alikaa kimya, akaomba tuirudie. Tukairudia, ikatoka vile vile.

Kuna upande mwingine wa hesabu hiyo hiyo. Mashine ndogo ya kusimama ya umeme inatoa, tuseme, robota la kilo 100, na kwa saa moja inatoa matatu au manne. Tani yetu ni marobota kumi. Yaani mashine ingefanya kazi saa tatu, halafu ikalala mwezi mzima. Nani ananunua ng'ombe wa kukamua mara moja kwa mwezi?

Hii haina maana biashara ni mbaya. Maana yake ni kwamba tuna njia mbili, na lazima tujue tuko njia ipi kabla ya kuomba bei. Ama tutafute mzigo mwingi zaidi, kwenye maduka ya Katesh, gesti, shule, minadani, hata tufike Babati. Ama tutafute kifaa kidogo kinacholingana na tani moja: kiunzi cha chuma chenye mlango, kinachobanwa kwa jeki ya lori au kwa mkono, fundi mzuri anaweza kukichomelea. Wafugaji wengi wanalijua lile sanduku la mbao la kufungia majani makavu ya mifugo: unajaza, unakanyaga, unafunga kamba, robota linatoka. Wazo ni lile lile. Sisi tulilijaribu sanduku la majani kwa maboksi. Halibani kama chuma, ila robota linatoka, linasimama, na linapangika kwenye gari vizuri kuliko maboksi ya kutupatupa. Lilitusaidia pia kujua robota la ukubwa gani watu wawili wanaweza kulipandisha kwenye gari bila kuumia kiuno. Jibu letu: kilo 50. La kilo 100 lilihitaji watu wanne na ubao wa kusukumia, na huku kwetu hakuna folklifti ya kukodi.

Basi tukaamua kuomba kotesheni za aina mbili, ya kifaa cha jeki na ya mashine ndogo ya umeme, tuzilinganishe.

Kabla ya muuzaji wa mashine, mpigie mnunuzi wa mzigo. Hiki kitu watu wanakiruka. Mnunuzi ndiye anayejua robota liwe la uzito gani, lifungwe kwa waya au kwa utepe wa plastiki, na kama anakubali maboksi yenye selotepu na plastiki ndani. Kuna anayetaka marobota makubwa tu kwa sababu anapakia kwa mashine, na kuna asiyejali. Mwulize pia kuhusu unyevu. Boksi lililolowa ni zito, na mnunuzi anayejua kazi yake atakata kilo, au atakataa gari zima. Sisi mvua zikianza, stoo inayovuja ni hasara ya moja kwa moja, kwa hiyo bati kwanza, mashine baadaye. Kwenye makopo mwulize kama anataka yatenganishwe kwa rangi na kama vifuniko vitolewe. Vifuniko vitoe hata kama hajasema, maana kopo lililofungwa lina hewa, ukilibana linarudi kama mpira. Ndiyo sababu mashine nzuri za makopo zina meno ya kuzuia mzigo usipande tena bamba la kubania likirudi juu. Kama utabana makopo, lazima useme hilo unapoomba bei.

Umeme sasa. Hapa ndipo pesa za watu zinapozama. Kijijini kwetu nyumba nyingi na maduka yana fezi moja, volti 230. Mashine nyingi za kiwandani zinataka fezi tatu, volti 400. Kuna mashine ndogo za mota ya kilowati 2.2 hivi zinazotengenezwa kwa fezi moja, lakini lazima uiombe hivyo, usidhani itakuja hivyo. Nimesimuliwa habari ya kikundi kimoja mkoa wa jirani. Mashine ilifika, ikashushwa, watu wakapiga makofi, halafu fundi akafungua kifuniko cha mota akauliza "fezi tatu iko wapi?" Ilikaa chini ya turubai. Kwa hiyo nenda TANESCO kwanza, uliza kama laini iliyopita kwako ina fezi tatu, na kama haina, kuivuta ni kiasi gani. Hiyo nayo ni sehemu ya bei ya mashine. Ukiagiza nje andika wazi "hezi 50", maana zipo mashine za hezi 60 za soko la Marekani. Mwambie pia muuzaji kama kwako jioni umeme unashuka, aseme mota inavumilia mpaka volti ngapi. Na kufunga nyaya mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, usimpe mtu aliyezoea kufunga taa.

Halafu chukua futi kamba, ingia stoo. Pima upana wa mlango, urefu wa mlango, na kutoka sakafuni mpaka kenchi. Mashine za kusimama nyingi zinapita mita mbili kwenda juu, kwa sababu silinda inakaa juu ya boksi la kubania. Stoo yangu kwenye kenchi ni mita 2.4. Nisingepima ningekuja kutoboa bati. Angalia na sakafu: mashine inaweza kuwa na uzito wa nusu tani mpaka zaidi ya tani moja, na sakafu ya udongo au sementi nyepesi itapasuka. Uliza uzito na vipimo vya mzigo ukiwa umefungwa, ujue utaushusha vipi. Barabara kubwa ya Babati kwenda Singida ni lami, ila ukishaiacha unajua mwenyewe, hasa masika.

Ukishakuwa na hayo yote kwenye karatasi moja, sasa andika ujumbe. Huu ndio tuliotuma, mnaweza kuuchukua mkabadilisha namba:

"Habari. Sisi ni kikundi cha wafanyabiashara watano, wilaya ya Hanang, Manyara. Tunaomba kotesheni ya mashine ya kubana maboksi makavu na chupa za plastiki. Mzigo wetu kwa sasa ni kilo 960 za maboksi kwa mwezi, tunategemea kufika tani tatu. Tunahitaji robota la kilo 50 mpaka 60, lifungwe kwa waya. Umeme tulionao ni fezi moja, volti 230, hezi 50. Mlango wa stoo upana mita 1.2, urefu mita 2. Kimo cha ndani mita 2.4. Tafadhali tueleze: nguvu ya kubana kwa tani, ukubwa wa mdomo wa kuingizia mzigo, muda wa kubana mara moja, nguvu ya mota, uzito wa mashine, aina na lita za oili ya haidroliki. Bei itenganishwe: mashine, usafiri mpaka Katesh, kufunga, mafunzo, na VAT. Tueleze pia warantii ni ya muda gani na inaanza lini, vipuri vinapatikana wapi, na bei hii inadumu mpaka tarehe gani."

Sentensi ya tani tatu msiiweke kama hamna mpango wa kweli. Sisi tumeiweka kwa sababu tumeshaongea na gesti mbili na shule moja. Ukidanganya namba juu ili uonekane mkubwa, utapewa bei ya mashine ya mkubwa.

Angalia tulivyoomba bei itenganishwe. Bei moja ya jumla inaficha mambo. VAT ya kawaida ni asilimia 18, ikiwa nje ya bei milioni 10 inakuwa milioni 11 na laki nane, na hapo bado usafiri. Kwa muuzaji wa ndani, dai risiti ya EFD, na bei iwe ya shilingi: tangu 2025 bei za ndani ya nchi zinatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi, kwa hiyo akikuambia "dola fulani" mwambie aibadilishe aiandike. Ukiagiza nje utakutana na herufi FOB na CIF. FOB maana yake bei inaishia mzigo ukipakiwa melini huko kwao, nauli ya meli na bima ni juu yako. CIF imejumlisha nauli na bima mpaka bandarini, mfano Dar es Salaam. Zote mbili hazina ushuru, hazina gharama za bandari, hazina wakala wa forodha, na hazina lori la kuja Hanang. Omba namba ya HS ya mashine umpe wakala akupigie hesabu ya kodi kabla hujalipa chochote, na mwulize muuzaji kuhusu cheti cha ukaguzi wa TBS kinachofanyika mzigo kabla haujasafirishwa. Malipo ya awali yaingie akaunti ya kampuni, yasiingie kwa jina la mtu. Hilo sina haja ya kulirefusha.

Vipuri nitavirefusha. Wazee wa upande wa Basotu wanakumbuka mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yaliyoendeshwa kwa msaada wa Canada kuanzia miaka ya 1970. Matrekta na mashine za kuvunia zilitoka ng'ambo, na vipuri navyo vilitegemewa kutoka ng'ambo. Mashine yetu ni kitoto kidogo mbele ya zile, lakini swali ni lile lile: kikiharibika, kipuri kinatoka wapi na kinachukua siku ngapi? Kwenye mashine ya haidroliki vinavyochoka haraka ni sili na paipu za presha. Omba vipimo vya sili viandikwe kwenye kotesheni, na omba seti moja ya akiba ije na mashine. Ukishavipata, mpelekee fundi anayetengeneza malori ya tipa, mwulize kama anaweza kuvipata Babati au Arusha. Fundi wetu aliangalia kotesheni ya kwanza akasema, "Hii paipu naijua, ile swichi siijui." Basi ile swichi tukaiulizia bei peke yake.

Na swichi hiyo siyo mapambo. Ni ya usalama, inazuia bamba kushuka mlango ukiwa wazi. Muuzaji mmoja alitushauri tuitoe ili bei ipungue. Tulimfuta kwenye orodha. Vijana wanaopakia ni wadogo zetu, na lile bamba linashuka kwa tani kadhaa. Kitufe chekundu cha kuzimia ghafla nacho kiwepo.

Kwa wanaotaka kifaa cha kutengenezewa hapa hapa nchini, SIDO wana ofisi kila mkoa, ya kwetu ipo Babati, na Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za serikali zinazobuni mashine. Nenda na robota lako la mfano mkononi, siyo na maneno. Fundi akiliona na kulipima anaelewa kwa dakika tano kitu ambacho kwa simu kingechukua wiki. Wakikupa bei, omba iandikwe kama ankara ya awali, maana kamati ya mkopo haitapokea namba uliyotajiwa kwa mdomo. Leseni ya biashara na mambo ya kukusanya taka ulizia kwa afisa biashara na afisa mazingira wa halmashauri mapema, wakati bado mnasubiri majibu ya bei.

Mpaka leo tumetuma kwa wauzaji sita. Wawili hawajajibu. Mmoja alijibu kwa picha na bei tu, bila hata jibu moja la tuliyouliza, huyo naye tumemweka pembeni, maana asiyejibu kabla hajapata hela atajibu lini? Watatu wamejibu vizuri. Bei ya kifaa cha jeki na ile ya mashine ya umeme zimepishana karibu mara saba. Tumezichora kwenye karatasi moja kubwa, kila muuzaji na safu yake, na pale ambapo hakujibu tumeweka alama nyekundu. Kikao ni Jumapili baada ya ibada, dukani kwangu. Watatu kati yetu wanaelekea kwenye jeki, wawili bado wanaitaka ya umeme, na wa Katesh amesema atakuja na kilo za gesti za mwezi huu ili abishane vizuri.